Fahali Aliyejua Kusalimia

Ndugu zangu, kabla sijasema neno lolote, kila mmoja ageuze mkono aziangalie kucha zake. Zako, si za jirani. Wanakwaya, hata ninyi. Na yule aliyeficha mkono chini ya benchi, tumemwona.

Sasa shika nywele zako, kama bado unazo. Mwalimu wa sayansi wa shule yetu hapo chini ameniambia kwamba kucha hizo na nywele hizo zimetengenezwa kwa kitu kimoja, na kitu hichohicho ndicho kilichomo kwenye pembe ya ng'ombe, kwato za mbuzi na manyoya ya kuku. Kinaitwa keratini. Nimelifanyia mazoezi neno hilo tangu asubuhi, mke wangu ni shahidi. Kwa hiyo ukimwona jogoo anatembea kwa maringo uwanjani, usimcheke. Anaringia kitu kilekile unachoringia wewe ukitoka saluni.

Kitu hiki kina tabia yake. Kinakua chenyewe. Hukipandi, hukimwagilii maji, unalala usingizi kinakua. Na ukikikata pale kwenye ncha, hakiumi. Shikeni hayo, halafu twende wote upande wa Karagwe, kwa wenye ng'ombe wa pembe ndefu.

Kule aliishi mfugaji mmoja. Tumwite Ta Kabyemera. Hilo "Ta" ni neno la heshima wanalomwitia mwanaume mtu mzima. Kama humu ndani yumo Kabyemera anisamehe, si yeye ninayemsema.

Bwana huyu alikuwa na ng'ombe wa kutosha, lakini moyo wake ulikuwa kwa mmoja tu, fahali mwekundu ambaye watu walishuka kwenye baiskeli ili wamtazame. Pembe yake ya kushoto ilipanda juu kama mkaratusi. Pembe ya kulia ilikuwa na habari yake. Fahali alipokuwa ndama aligombana na mti wa lango, na ukiuliza nani alishinda, ulishinda mti. Tangu siku hiyo pembe ile ikawa inakua kwa kupinda. Ilikuja mbele, ikashuka, ikaanza kurudi taratibu kuelekea shavuni, kama mkono wa kikapu. Mtu mwingine angesema imeharibika. Ta Kabyemera alisema, "Pembe moja inatazama mbinguni, nyingine inatazama duniani. Huyu ni ng'ombe mwenye fikra."

Akamwita Mheshimiwa.

Kila asubuhi mkewe, Mama Mwombeki, alikwenda kukata majani na kuchota maji. Bwana alitoka na kibakuli cha samli. Fahali alifungwa kwenye kigingi karibu na ua wa miti, ubavu wa kushoto ukielekea uwanjani, maana hiyo pembe ndefu ndiyo ya kuonyesha wageni, na ubavu wa kulia ukielekea ua. Ta Kabyemera alipaka samli pembe ya kushoto, akapaka ya kulia, akazisugua kwa kitambaa na kuzivuta mpaka zing'ae. Ile ya kulia aliivika kishada cha nyuzi nyekundu, kikawa kinaning'inia karibu na jicho. Siku moja Mama Mwombeki alimwambia kwamba tangu waoane yeye hajapakwa samli wala kuvikwa kishada. Mumewe akamjibu, "Kwani wewe una pembe?"

Basi asubuhi moja Ta Kabyemera alitoka na kibakuli chake, akakohoa, akasema, "Mheshimiwa, umeamkaje?" Fahali aliposikia sauti ile alishusha kichwa, akakiinamisha upande, shingo ikapinda, macho akayafumba. Yule bwana akasimama palepale. Akarudi ndani. Akatoka tena, akakohoa tena, akasema, "Mheshimiwa, umeamkaje?" Fahali akainama tena.

"Mama Mwombeki," akaita, "njoo uone. Ng'ombe ananisalimia."

Mkewe akaja na ndoo kichwani. Akamwambia fahali, "Na mimi je? Habari za asubuhi?" Fahali akamtazama, akaendelea kucheua.

"Umeona," akasema mume. "Wewe hakusalimii. Anajua mwenye nyumba ni nani."

Habari hiyo ilitembea haraka kuliko mvua. Walikuja majirani, wakaja watu wa kijiji cha pili, wakaja watu waliokuwa wakienda msibani wakapitia kwanza kwa Ta Kabyemera. Akaweka kiti cha mgeni upande wa kushoto. Mgeni akishakaa, mzee alikohoa, akasema kwa sauti nzito, "Mheshimiwa, salimia wageni," na fahali aliinama. Watu walipiga makofi. Vijana ndio waliopata shida, kwa sababu kila onyesho liliishia kwenye mahubiri: "Ninyi mnapita mbele ya mzee kama upepo, hata shikamoo hamna. Ng'ombe huyu hakwenda shule." Baba mmoja alileta watoto wake wote wa kiume wakajifunze adabu kwa ng'ombe.

Jirani yake, Ta Mutashobya, aliona wivu. Akajifungia zizini na beberu wake, akamfundisha kusalimia. Beberu alimsikiliza kwa makini sana, halafu akala kofia yake.

Lakini Mama Mwombeki ndiye aliyekuwa akikata yale majani, na anayekata majani hujua yameliwa kiasi gani.

"Baba Mwombeki," alisema jioni moja, "huyu ng'ombe hali vizuri. Majani ya jana bado yapo."

"Mheshimiwa hali ovyo kama wenzake. Anachagua."

"Na nzi wamezidi upande ule wa ua."

"Nzi wanapenda samli."

"Hebu nipite huko nyuma nimtazame."

"Usimguse. Mikono yako ina masizi, utachafua kishada."

"Sawa. Lakini mbona mimi haniinamii hata siku moja?"

"Kwa sababu huna sauti ya kuheshimiwa. Hata kuku wako wanakupuuza."

Mama Mwombeki akanyamaza. Nawauliza, alinyamaza kwa sababu alikuwa ameridhika? Akina mama wanacheka. Basi mmenijibu.

Sasa ikaja siku kubwa. Diwani wa kata ile alikuwa amekwenda kukagua barabara, akasikia habari za fahali, akasema atapitia. Ta Kabyemera alivaa kanzu, juu yake koti, na viatu alivyovihifadhi kwa ajili ya harusi ya Mwombeki. Gari likafika. Akashuka diwani, akashuka dereva, akashuka bwana mifugo na mkoba wake wa dawa. Uwanja ulijaa watu mpaka wengine walikaa juu ya kichuguu.

Ta Kabyemera alikuwa na wasiwasi wa mwenyeji, akamnong'oneza mtu aliyekuwa karibu naye, "Mheshimiwa ameshapewa maji?"

Mtu huyo alikuwa dereva. Akasema, "Bado, mzee, lakini mimi najua yeye angependa soda."

"Soda? Tangu lini? Huyu hunywa kwenye pipa."

Dereva akamtazama bosi wake, kisha akaenda kukaa ndani ya gari.

Watu walipotulia, Ta Kabyemera alikohoa. Akasema, "Mheshimiwa, msalimie Mheshimiwa." Fahali akashusha kichwa, akakiinamisha upande, akafumba macho. Diwani akavua kofia yake kabisa, akasema, "Kumbe ni kweli." Makofi yakalia.

Angeishia hapo, ndugu zangu. Lakini nani kati yetu, akipigiwa makofi, huishia hapo?

"Anaweza kuinama zaidi ya hivi," akasema Ta Kabyemera. Akasogea, akaishika ile pembe iliyopinda kwa mikono yote miwili, akaivuta chini. "Salimia vizuri, uko mbele ya serikali."

Fahali alitoa sauti ambayo watu wa pale, waliozaliwa na kukulia kwa ng'ombe, hawakuwahi kuisikia. Ilikuwa kama mlango mzito unaoburutwa juu ya mawe. Halafu miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka kwa magoti.

Mtu mmoja akasema, "Amepiga magoti." Uwanja mzima ukapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Ta Kabyemera alitoa leso, maana machozi yalikuwa yanamtoka kwa fahari.

Lakini fahali hakuinuka. Makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja aliyekuwa mbali ambaye hakuona vizuri, kisha naye akaacha. Mate yalikuwa yanamtoka ng'ombe yule, na mwili ulikuwa unatetemeka. Mama Mwombeki aliiweka chini sinia ya soda, akapita kwa nguvu katikati ya fahali na ua, akachuchumaa upande wa kulia, akakiinua kile kishada.

Akawafukuza nzi. Kisha akasema, "Baba Mwombeki, njoo huku."

"Nina mgeni."

"Njoo huku."

Akaenda. Alichokiona ni hiki. Ile pembe iliyokuwa ikirudi taratibu ilikuwa imefika. Ncha yake ilikuwa imeingia ndani ya shavu, chini kidogo ya jicho. Nyama imevimba ikaizunguka, usaha unatoka, na kishada kimeganda kwa damu kavu. Kila asubuhi alipoivuta pembe ile ili ing'ae, alikuwa akiichimbia ndani.

Ng'ombe hakuwa akisalimia. Alikuwa akisikia sauti ya mtu anayekuja kumuumiza, anajikunja.

Bwana mifugo alisogea, akatazama mara moja, akafungua mkoba wake, akatoa waya wa kukatia. "Tunakata ncha sasa hivi," akasema.

Ta Kabyemera akasimama mbele yake. "Usikate. Utamuumiza."

Watu wote wakamtazama yeye, kisha wakamtazama ng'ombe, kisha wakamtazama yeye tena.

"Mzee, hii ni ncha ya pembe. Hapa mwishoni hakuna damu wala mshipa."

"Ni pembe yake. Ndiyo fahari yake. Utamkata kitu alichozaliwa nacho mbele za watu?"

Wakabishana. Mwingine akasema aitwe mganga, mwingine akasema aitwe mwinjilisti, na diwani akaanza kusema jambo kuhusu kuunda kamati. Mama Mwombeki hakubishana. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa wembe, akaushika mkono wa mumewe. Ta Kabyemera akafumba macho, shingo ikamkakamaa. Walioona wanasema alifanana sana na fahali wake.

"Nimemaliza," akasema mkewe.

"Umenikata nini?"

"Ukucha. Umeuma?"

Akafungua macho, akakitazama kidole gumba. "Hapana."

"Basi."

Yule bwana akamwambia bwana mifugo, "Kata." Akasogea ili amshike fahali kichwa, lakini bwana mifugo akamzuia. "Mzee, wewe kaa kule, na tafadhali usiongee. Akisikia sauti yako atajikunja. Mama ndiye atakayemshika."

Ikawa hivyo. Mwenye sauti ya kuheshimiwa akaambiwa akae karibu na banda la kuku, anyamaze. Mama Mwombeki akakipakata kichwa cha fahali mapajani. Kamba akapewa diwani, kwa kuwa alikuwa na mwili mkubwa kuliko wote pale, na kwa mara ya kwanza katika kata ile Mheshimiwa alimshikilia Mheshimiwa.

Waya ukapita. Kipande kilichotoka shavuni kilikuwa kidogo, kama kidole gumba. Wakaosha kidonda kwa maji ya chumvi, wakatia dawa. Fahali akalala vile kwa muda, kana kwamba anasubiri maumivu yaliyochelewa. Yalipokosa kuja, akainuka, akatikisa masikio, akanyanyua kichwa. Alikuwa mrefu kuliko walivyokumbuka. Watu hawakuwa wamemwona amesimama wima kwa siku nyingi.

Wageni waliondoka kimyakimya, na baada ya hapo hakuja mtu. Nani atembee mbali kwenda kumwona ng'ombe mzima?

Kidonda kikapona, manyoya yakaota. Ndipo Ta Kabyemera alipokutana na jambo lililomuuma kuliko yote. Asubuhi alitoka, bila samli, akasema polepole, "Umeamkaje?" Na fahali, ambaye hakuwa na kitu tena shavuni, alishusha kichwa, akapinda shingo, akafumba macho.

Akaenda jikoni. "Mama Mwombeki, pembe imetoka. Mbona bado anainama?"

Mkewe alikuwa akimenya ndizi, na hakuinua macho. "Pembe imemtoka. Wewe bado hujamtoka."

Yule bwana akaketi kwenye kizingiti. Alikaa pale mpaka ndizi zikaisha. Kisha akauliza, "Nifanyeje?"

"Nyamaza. Mpelekee majani, ukae naye. Usimguse mpaka akuguse."

Basi mtu yule aliyekuwa akihutubia vijiji akawa anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ana majani mapajani, hasemi kitu. Alikaa upande wa kulia. Jua likimpiga, anakaa. Mvua ya rasharasha ikija, anajifunika gunia, anakaa. Ta Mutashobya alipita njiani, akapaza sauti, "Ta Kabyemera, vipi, ng'ombe bado anakusalimia?"

Akajibu kwa unyonge, "Bado, ndugu yangu. Bado ananisalimia. Tunaendelea na matibabu."

Asubuhi moja alitoka akiwa na mawazo mengine, akajisahau, akasema kwa sauti yake ileile nzito ya zamani, "Mheshimiwa, umeamkaje?" Akajishika mdomo. Fahali alimtazama. Alimtazama vizuri, macho yote mawili, kisha akaendelea kucheua.

Ta Kabyemera alikimbia kuelekea jikoni, mtu mzima na ndala moja. "Mama Mwombeki, njoo uone. Hajanisalimia."

Mkewe akaja, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Wakasimama pamoja. Mume akasema tena, "Umeamkaje?" Fahali akasogea, akanyoosha shingo yake ndefu, akachukua majani kutoka mkononi mwake, na pua yake yenye unyevu ikabaki pale kiganjani. Yule bwana akalia. Mkewe hakumcheka. Alimcheka baadaye, walipokuwa wanakula.

Ndugu zangu, sitaki kusema kwamba Ta Kabyemera alikuwa mtu mbaya. Hakumpiga ng'ombe yule. Hakumnyima chakula. Alimpaka samli. Alimpenda kuliko wote zizini, na akamuumiza kwa mkono uleule aliompendea. Aliona kichwa kimeinama akasema, hii ni heshima. Na heshima tamu haichunguzwi, sivyo?

Je, sisi? Wewe baba, pikipiki yako inasikika kwenye kona, watoto waliokuwa wakicheka wananyamaza, mmoja anakimbilia daftari, mwingine anakumbuka kuku hawajafungiwa, na wewe unaingia unasema, "Nyumba yangu ina adabu." Umehakikisha? Wewe mama unayesema mkwe wako ni mpole, hajawahi kukujibu hata neno moja tangu aolewe, umewahi kumsikia akiimba? Mwalimu, darasa lako limetulia kuliko yote, vizuri sana. Wanakuelewa au wanakuhesabia dakika? Wazee wa kanisa, tukisema jambo kwenye kikao na kila mtu anatikisa kichwa kukubali, tunafurahi, tunafunga kwa sala. Hata sisi wachungaji tunapenda sana shingo zilizoinama. Hatuulizi zimeinamishwa na nini.

Na mara nyingi si jambo kubwa. Ni kitu kilichokua chenyewe tukiwa tumelala. Ni ukali uliozoeleka, utani unaochoma, namna ya kuita jina la mtu. Hakuna aliyekipanda, lakini kwa kuwa hakuna aliyekikata, kimefika shavuni kwa mtu. Tukiambiwa tupunguze kidogo tunasema, "Ndivyo nilivyozaliwa, mnataka kuniua?" Hufi. Ni ncha tu. Hutatoka hata damu.

Lakini msidanganyike kwamba ukishakata leo, kesho watu wataimba. Utaomba msamaha Jumapili, na Jumatatu mtoto ataendelea kushtuka ukikohoa. Usimkasirikie. Usimwambie, "Si nimeshakuomba msamaha?" Kaa naye. Nyamaza. Wengi wetu tunatubu vizuri sana, ila hatuna subira ya kungoja tuaminiwe.

Leo ukifika nyumbani, kaa nje kidogo usikilize. Kisha ingia. Kicheko kikiendelea baada ya wewe kuingia, mshukuru Mungu, wewe ni tajiri. Kikikatika, usimkaripie mtu. Umepata kazi, na Mungu atakusaidia kuifanya.

Hapa ndipo huwa nawaambia msimame, nanyi husimama wote mara moja, nami hufurahi. Leo sisemi. Atakayeona vema kusimama asimame, atakayechoka akae, na tuombe hivyo hivyo.